Mipichi Sita Kwenye Chemchemi

"Nilipanda mitatu!" Mutinta alisema tena, sauti ikimpanda. "Mitatu tu, jamani. Hii mingine siijui!"

Wiki jana tulimwacha amesimama hapo hapo, kidole kimenyooka. Sasa macho ya watu yalikuwa yanahesabu bila kuambiwa. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Miche sita ya pichi ilikuwa imeizunguka chemchemi ya Lukwele kama mgambo waliozunguka nyumba ya mwizi.

Aliyekosa gazeti nimwambie kwa pumzi moja. Mutinta ni binti wa Zambia, anasoma kilimo mwaka wa pili hapa Morogoro. Ijumaa alicheza dansi chuoni mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Jumamosi akaivua suruali yake ya bugaluu, ile iliyopanuka miguuni, akajifunga khanga, akapanda mlima na mwenzake wa chumba kimoja, Eufrazia, kwenda kupumzika nyumbani kwa kina Eufrazia, kijiji cha Lukwele, juu ya Mlali. Alibeba miche sita ya pichi, yale matunda yenye manyoya laini kama shavu la mtoto, zawadi kutoka kitalu cha chuo. Jioni akapanda mitatu penye maji. Mitatu akaiacha kwenye debe ukutani, awapelekee masista wa misheni.

Jumapili watu wanatoka misa, debe ni tupu. Miche yote sita iko chemchemini.

"Mgeni anayepanda mti," alisema Mzee Kondo, "huyo si mgeni tena."

Mzee Kondo ndiye balozi wa nyumba kumi. Mkononi alishika kitambulisho cha Mutinta. Mfukoni mwa shati ilichungulia barua aliyokwisha kuiandika.

"Mgeni umelala kijijini bila kuletwa kwangu," akasema. "Hilo moja. Umepanda miti ardhi ya watu. Hilo la pili. Barua hii inashuka leo kwa katibu wa chama. Kesho iko chuoni kwenu. Wakurudishe kwenu Zambia ukapande huko."

Kurudishwa! Kule kwao Monze alikuwa binti wa kwanza kuvuka mpaka kwa ajili ya kusoma. Mtaa mzima ulimsindikiza hadi kwenye basi, wanawake wakipiga vigelegele. Ashuke kwenye basi lile lile, awaambie nini? Kwamba amefukuzwa kwa sababu ya pichi?

Najua nyie wa mjini mnaniuliza: Bibi, mche wa shubiri moja ndio wa kufukuzia mtu nchi? Ngojeni niwategee. Kitendawili!

Analima kwangu, anakula kwangu, anazaa kwangu. Mwenye nyumba akifa, anaondoka na mkeka wake.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, nimekwenda, nimekula, nimerudi. Ni mume aliyeoa Uluguruni.

Kwa Waluguru ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama. Asiye wa ukoo hupewa shamba akalima, hakuna anayemnyima. Apande maharage, apande kabichi, apande njegere, hayo yote yanang'oka. Lakini mti wa kudumu hapandi. Ukimwachia mtu mti leo, kesho atakwambia kivuli ni chake, keshokutwa na kilicho chini ya kivuli. Na kuizungushia miti chemchemi? Huko ni kumwambia mwenye ardhi: hama, maji niachie.

Na mwaka wenyewe ulikuwa sabini na nne. Watu wanahamishiwa vijijini, kila siku uvumi mpya. Mara Lukwele yote inashushwa Dakawa kwenye mpunga. Mara wenye mazao ya kudumu hawaguswi. Likisikika gari linapanda, akina mama walianza kukusanya masufuria. Mwaka huo mgeni mwenye daftari hakuulizwa hujambo. Aliulizwa katumwa na nani.

"Katumwa huyu," alisema Semeni, jirani, ndoo ikiwa kichwani. "Jana nilimwona anaipima milima kwa macho."

"Nilikuwa naitazama tu, mama. Kwetu ni tambarare."

"Ehee! Mmemsikia? Kwao tambarare, ndiyo maana kaifuata yetu!"

"Na Wachina hawajamaliza reli ya kwenda kwao," akadakia mwingine. "Yeye keshafika. Haraka ya nini?"

Wakacheka. Lakini kilikuwa kicheko cha meno, macho hayakucheka.

Mzee Kondo akapiga fimbo chini. "Nani alikwambia upande hapa?"

Mutinta akatazama sura moja moja, akaipata aliyokuwa anaitafuta.

"Baba Bonifasi. Yeye ndiye aliyenionyesha."

Watu wakageuka wote kwa pamoja. Bonifasi ni baba yake Eufrazia. Mtu mrefu, mpole, hata akikohoa anaomba radhi.

"Mimi?" akauliza.

"Wewe, baba. Jana jioni. Eufrazia yuko jikoni na mama. Ukaniambia panda pale penye maji, bibi atafurahi."

"Mwanangu." Bonifasi akatikisa kichwa kwa huruma. "Mimi nilikuonyesha pa kunawa miguu. Miche nimeiona leo, kama walivyoiona wenzangu."

"Lakini ulisimama hapa! Ukanishikia jembe!"

"Nilisimama wapi, mama? Jana jioni nilikuwa nafunga mbuzi. Muulizeni yeyote mnayemtaka."

Wajukuu zangu, jihadharini na uongo wa mtu mpole. Unateremka kooni bila kutafunwa. Watu walimtazama Bonifasi waliyemjua miaka ishirini na miwili, wakamtazama Mzambia waliyemjua tangu jana mchana. Niambieni nyie mngemwamini nani.

"Kondo, ipumzishe fimbo yako."

Aliyesema ni Bibi Magdalena. Yeye ndiye bibi yake Eufrazia, mzaa mama, na ndiye mkubwa wa lukolo pale Lukwele. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, rozari ya misa bado mkononi.

"Mmemuuliza mgeni. Mmemuuliza mkwe. Kuna mmoja hamjamuuliza. Hana mdomo, lakini anakwambia nani kapita."

"Unyayo!" wanawake wakajibu.

"Unyayo. Na nyie mmeukanyaga wote kwa kuchota maji tangu alfajiri. Haya, shahidi wangu mmemuua. Tutazame mashimo."

Mutinta hakungoja. Akapiga magoti kwenye matope na khanga yake.

"Bibi, ona. Haya matatu ni yangu. Mraba. Udongo wa juu nimeuweka kando, nikaurudisha chini kwenye mizizi. Majani makavu juu. Ndivyo tunavyofundishwa." Akasogea kwa magoti. "Haya mengine yametobolewa kwa mti uliochongoka. Udongo umeshindiliwa kwa kisigino. Aliyepanda hapa si mimi!"

Semeni akatua ndoo, akainama. "Kisigino kweli. Kikubwa hicho."

"Mtu anaweza kuchimba namna mbili," alisema Mzee Kondo. "Jana mraba, leo duara. Mwizi hapigi hodi kwa sauti moja."

"Na kamba je?" Mutinta aliuliza ghafla.

"Kamba gani?"

"Hii." Ile miche mitatu ya pili ilikuwa imefungiwa vijiti visilale kwa upepo, kila mmoja kwa uzi wa katani. Uzi umezungushwa mara mbili, ncha ikapitishwa chini, ikafichwa. "Mimi sikufunga vijiti. Wala fundo hili si la kwetu."

Wanawake wakatazamana.

Kwa sababu fundo lile Lukwele nzima ilikuwa inalijua. Ni fundo la kufungia matita ya mkonge. Na mtu mmoja tu pale mlimani ndiye aliyewahi kukata mkonge, miaka saba, kabla hajaja kuoa.

Bonifasi akasogea mbele. Mnadhani alitetemeka? Hata kidogo. Akainama, akaligusa fundo kama mtu anayemwamkia rafiki wa zamani.

"Fundo langu hili. Sikatai."

"Ala!" Mzee Kondo akaruka.

"Lakini nimewafundisha wangapi? Semeni, kuni zako unafungaje?"

Semeni akajikuna shingo. "Hivyo hivyo."

"Na wewe, balozi, mlango wa zizi lako? Haya. Na jana pale mtoni kamba ya mzigo wa mgeni ilikatika. Nani alimfundisha kuufunga upya kama si mimi? Uleteni mfuko wake."

Mfuko ukaletwa. Mzee Kondo akaugeuza juu chini. Fundo lile lile, mara mbili, ncha imefichwa.

"Lo, salaale!" umati ukaguna.

"Binti wa Zambia," Mzee Kondo akasema polepole, akiichomoa barua mfukoni, "fundo si la kwenu, eh?"

Mutinta akaitazama miguu ya Bonifasi. Kwa sababu ndipo alipokumbuka.

Alfajiri ile alitoka kwenda chooni. Ukungu mzito, baridi ya kukata masikio. Nyuma ya jiko alimkuta Bonifasi ananawa miguu, matope mekundu mpaka magotini, na pembeni yake lile debe, tupu. "Shikamoo, baba," alimwambia. "Marahaba," Bonifasi aliitikia, uso hakuuinua. Mutinta akapita zake. Mkulima na matope, kuna ajabu gani? Akarudi kulala.

Sasa aliiona ajabu yenyewe. Mtu aliyetoka kufunga mbuzi jioni anatoka wapi alfajiri na matope ya chemchemini, siku ya Jumapili?

"Baba Bonifasi," akaanza, "leo alfajiri..."

Vidole vikamkamata mkono, vikambana mpaka mfupani. Vya Eufrazia.

"Leo alfajiri nini?" Mzee Kondo akauliza. "Malizia!"

"Leo alfajiri nilitoka mimi," alisema Eufrazia. "Aliyepanda ni mimi, na ile mitatu ya jana Mutinta alinipandia mimi."

Tangu asubuhi binti huyu hakuwa ametoa neno. Mutinta akamgeukia, macho yamemtoka. Alfajiri? Eufrazia alikuwa anakoroma, mdomo wazi, blanketi liko sakafuni! Yeye Mutinta ndiye aliyemfunika aliporudi!

Uongo mweupe, wa mchana kweupe, mbele ya watu waliotoka misa.

Lakini utazameni vizuri uongo huo. Bonifasi si wa lukolo. Mutinta si wa lukolo. Eufrazia, kwa mama yake, ni wa lukolo. Mti wake ni mti wa ukoo. Kwa neno moja hakuna mvamizi, hakuna aliyetumwa, hakuna barua.

"Wewe?" Mzee Kondo hakuwa mtoto. "Mbona umekaa kimya kama mtungi?"

"Nilimwogopa bibi."

"Ukaacha mwenzio atukanwe?"

"Ndiyo maana nasema sasa."

"Na hicho kisigino kikubwa?"

"Nilivaa viatu vya baba. Kulikuwa na umande."

"Na fundo?"

"Baba alinifundisha nikiwa na miaka sita."

Kila jibu lilikuja haraka, na hata mara moja hakumtazama baba yake. Bibi Magdalena naye hakumtazama mjukuu wake. Alikuwa anamtazama Bonifasi. Alimtazama kuanzia miguuni, akapanda taratibu hadi usoni, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mwandiko mbaya.

"Vema," akasema hatimaye. "Kondo, ichane barua."

"Bibi, hii ni ya chama..."

"Umeandika mgeni kavamia ardhi ya lukolo. Mwenye lukolo ni mimi, nakwambia hakuvamia. Na kuletwa kwako, si ndiyo huyu yuko mbele yako? Chana, mpe na kitambulisho chake."

Balozi akachana. Vipande vinne, akavitia mfukoni. Mutinta akapokea kitambulisho chake kwa mikono miwili, machozi yanamlenga. Ameokoka!

Msipige makofi bado.

"Na wewe, mjukuu wangu," Bibi Magdalena akaendelea, na sauti haikuwa ile ya kwanza. "Anayepanda chemchemini hukaa chemchemini. Mkuyu ule juu ya maji aliupanda mama yangu, akakaa nao mpaka kufa kwake. Mti wa maji haupandwi halafu ukakimbiwa. Mwenzio atashuka leo arudi chuoni. Wewe unabaki."

Eufrazia akacheka kidogo, akidhani ni utani. "Bibi, mimi nina mtihani Alhamisi."

"Na mimi nina ardhi leo. Mpeni jembe."

Akapewa. Jembe likakaa mikononi mwake kama mtoto wa mtu mwingine.

Mnamlaani bibi? Ngojeni. Maana alipokwisha kusema hakuondoka. Alikaa juu ya jiwe lake, macho kwa mkwewe, akingoja. Mimi nasema alikuwa anamngoja mtu mmoja aone haya. Baba gani ataona mwanawe ananyang'anywa masomo kwa mti asioupanda, anyamaze?

Bonifasi akatazama mawingu. "Leo mvua haiji," akasema.

Ndani ya nyumba, wakifunga mzigo, Mutinta akamshika Eufrazia mabega.

"Eufra, umefanya nini? Mimi nilimwona!"

"Najua ulimwona. Nimelijua fundo kabla yako."

"Sasa?"

"Ungesema, baba anafukuzwa leo leo. Na mkeka wake. Miaka ishirini na miwili, Muti, halafu hana hata kisiki cha kukalia."

"Amenisingizia mimi! Alitaka nirudishwe!"

"Amesikia wenye mazao ya kudumu hawahamishwi." Eufrazia alikunja blauzi huku machozi yanaidondokea. "Akataka miti yake. Ikikubaliwa, iwe yake. Ikikataliwa, iwe yako."

"Na wewe unamlinda?"

"Ni baba yangu. Wewe ungefanyaje?"

Mutinta akamfuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Nitunzie kitanda changu," Eufrazia akasema, akijaribu kucheka. "Wasimpe yule msichana anayepiga miluzi usiku. Na blauzi yako hii ya dansi naikopa. Ukiitaka utaifuata."

Lori la mboga lilikuwa linaondoka Mlali saa nane mchana. Nani amshushe mgeni? Kabla mtu hajajibu, Bonifasi alikwisha kuutia mfuko begani.

"Mgeni hasindikizwi kwa maneno," alisema. "Nampeleka mimi."

"Mnaona moyo wa mtu huyo?" Semeni akawaambia wenzake. "Katukanwa asubuhi, bado anabeba mzigo."

Njia ya kushuka Lukwele ni nyembamba, upana wa mkeka. Kushoto mwamba, kulia hakuna kitu, mpaka chini kabisa mtoni. Mwenyeji hutangulia kwenye njia kama ile, kila mtu anajua hivyo. Bonifasi akasimama pembeni.

"Tangulia, mwanangu."

Mutinta akatangulia. Nyuma yake akasikia hatua zile za mtu mpole, hazina haraka. Wakapita mashamba ya kabichi. Wakapita kona ya kwanza. Kona ya pili mapaa ya Lukwele yakapotea, na sauti za watu zikapotea nayo. Zikabaki hatua za watu wawili, na mto.

Kisha zikabaki za Mutinta peke yake.

"Mwanangu," sauti ikasema nyuma yake.

"Abee, baba."

"Leo alfajiri uliniamkia."

Mutinta hakugeuka. Jibu lilikuwa rahisi mno. Aseme sikukutambua, baba, ukungu ulikuwa mwingi. Angepanda lori saa nane. Alhamisi angekaa kwenye mtihani, kalamu mkononi, na kando yake kiti kitupu cha Eufrazia. Mwaka huu kitupu, mwaka ujao kitupu. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa yeye na mtu huyu.

"Nilikuamkia, ndiyo," akasema.

"Na ulikuwa unataka kusema kitu pale mbele ya watu. Eufrazia akakukatiza. Ulikuwa unataka kusema nini?"

Akageuka.

"Nilikuona, baba. Na matope yako niliyaona. Nipe njia nipite, narudi juu kumwambia bibi, Eufrazia aje mtihanini."

Bonifasi alitazama juu walikotoka, pakiwa patupu. Akatazama chini mtoni. Kisha akauteremsha mfuko begani, akauweka chini taratibu, mikono yake yote miwili ikabaki mitupu.